Alama Nne kwa Daktari Rahimu

Desemba 4

Nimepewa kishikwambi, koti jipya na kiti. Kiti ndicho kilichonishangaza. Miaka kumi na minane nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali hii ya kanisa nje ya mji wa Nachingwea, na miaka yote hiyo nimesimama. Kuanzia leo nitakaa hatua mbili kutoka mezani, nimtazame daktari anayejifunza kupasua, nimpe alama.

Utafiti ni wa chuo kimoja cha Dar es Salaam. Wanataka kujua daktari wa wilayani anafundishwaje upasuaji na anapimwaje kabla ya kuachwa peke yake na mgonjwa. Dk. Safina anayeuongoza alinipigia simu. "Sista Brigita," alisema, "tumekuchagua kwa sababu umeona mikono mingi." Fomu ina vipengele kumi, kila kimoja alama moja hadi tano. Anayepata chini ya tatu kwenye kipengele chochote siku ya mtihani hapiti. Anarudia miezi mitatu.

Daftari hili nimelinunua mwenyewe, kwa yale ambayo fomu haina nafasi yake.

Desemba 6

Mwanafunzi anaitwa Rahimu. Miaka ishirini na tisa, mtoto wa Newala, mwembamba, anacheka kabla hujamaliza kusema. Ananiita Sista na shikamoo juu. Shahada anayo, ila kupasua peke yake hajaruhusiwa. Akifaulu atapelekwa kwenye kituo kipya cha afya, mbele kabisa ya Kilimarondo. Kule kuna chumba cha upasuaji kilichojengwa mwaka juzi na hakijatumika hata siku moja. Alienda kukiona. Anasema taa bado imo ndani ya nailoni yake.

Mwalimu wake ni Dk. Maximilian. Huyo namjua.

Desemba 11

Dk. Maximilian ana miaka hamsini na nane, na mikono yake sijaona mfano wake kusini hii. Ana mdomo mkali pia. Leo Rahimu alikuwa anafunga mshipa, fundo likateleza. "Toa mkono," akaambiwa, na Mzee, ndivyo tunavyomwita, akamaliza mwenyewe. Mara nne kwa upasuaji mmoja.

Na kila siku, wakishanawa, kabla kisu hakijashikwa, anamsimamisha mbele yetu sote.

"Ukishindwa utafanya nini?"

"Nitajitahidi, Dokta."

"Sijakuuliza kujitahidi. Ukishindwa utafanya nini?"

Sote tukatazama sakafu.

Kwenye fomu nimeandika: mwalimu anamdhalilisha mwanafunzi. Sikatai, niliandika kwa furaha. Hayo nimeyameza miaka mingi.

Desemba 19

Mvua. Ya kweli sasa.

Desemba 25

Krismasi. Tulikula pilau wodini, kisha tukaletewa mama kutoka upande wa Kilimarondo, amekaa kwenye pikipiki katikati ya mumewe na dereva. Walitoka jana asubuhi. Tembo walisimama barabarani, ikabidi wasubiri, halafu matope yakawashika. Mama tulimwokoa. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Rahimu ndiye aliyemfunika yule mtoto kitenge. Hakucheka leo. Wakati wa kunawa aliniambia, "Sista, kwao na kile kituo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Chumba kipo. Anayekosekana ni mimi."

Januari 3

Hakuna upasuaji. Nimefua.

Januari 15

Awamu ya pili ya utafiti imeanza. Wiki sita za kwanza mwalimu alikuwa mezani. Wiki sita hizi mwalimu anakaa nje, kwenye beseni la kunawia, nyuma ya mlango wenye kioo. Haruhusiwi kuingia mpaka aitwe, labda mgonjwa awe anakufa. Dk. Safina anasema mwanafunzi anayenyang'anywa kisu hujifunza kunyang'anywa tu.

Nilimwona Mzee kwenye kioo, glavu mikononi, mikono juu, dakika hamsini bila kuishusha. Nilidhani ni kiburi.

Rahimu alipasua vizuri. Polepole, lakini vizuri.

Januari 23

Rahimu anafanya mazoezi ya mafundo kwenye mguu wa kiti changu nikiwa nimekikalia. Leo nilisimama nikajikuta nimefungwa sketi. Tumecheka mpaka Mzee akachungulia.

Baadhi ya alama zake wiki hii: nne, nne, tatu, nne, tano, nne. Kushika vifaa, tano. Kuuheshimu mwili wa mgonjwa, tano. Namba hizo ni za kweli, naziapia.

Februari 2

Mvua siku ya sita. Watu wanapanda ufuta katikati ya manyunyu.

Februari 9

Dk. Safina amepiga. Amefurahi. Anasema takwimu za Nachingwea ndizo safi kuliko zote. Nilijisikia mkubwa siku nzima.

Februari 22

Nitaandika hili taratibu.

Leo ulikuwa mtihani wa mwisho. Mama wa watoto wanne, uchungu umesimama, anatakiwa kupasuliwa. Rahimu alimtoa mtoto ndani ya dakika sita, mtoto akalia, sote tukapumua. Kisha upande wa kushoto wa mfuko wa uzazi ukaanza kutoa damu. Ilikuwa inajaa taratibu, bila kuruka, kama maji yanavyopanda kisimani. Akabana, ikaja. Akashona, ikaja. Nikatazama saa ya ukutani.

Kipengele cha tisa kinasema: *Anatambua kikomo chake na kuomba msaada mapema, bila kusukumwa.*

Dakika ya tatu alikuwa bado anashona. Dakika ya sita jasho lilimshuka puani, muuguzi akamfuta. Dakika ya tisa nilikuwa nimesimama na sijui nilisimama lini. Mwangalizi haruhusiwi kusema. Sikusema. Niliutazama mlango. Rahimu aliinua macho, akaniona ninavyoutazama, na ndipo aliposema kwa sauti kavu, "Muiteni Dokta."

Dakika kumi na moja.

Mzee aliingia, akaweka kidole mahali pamoja, damu ikasimama. "Hapa," alisema. "Shona hapa." Hakumwambia atoe mkono. Mama yule yuko wodini sasa, anakunywa uji.

Baadaye nilimkuta Rahimu amekaa kwenye ngazi za nyuma.

"Sista, nimeanguka?"

"Hujaanguka. Mama mzima."

"Kama nikirudia ni mpaka mwezi wa sita. Kule wananisubiri, Sista. Kuna wajawazito thelathini na tatu kwenye rejista yao. Nimewahesabu."

Nilirudi ndani nikafungua fomu. Kipengele cha tisa. Ukweli ulikuwa mbili. Mtu aliyesubiri kuashiriwa hakuita mwenyewe. Lakini nilimfikiria yule wa Krismasi kwenye pikipiki. Nilifikiria taa ndani ya nailoni. Nilijiambia kwamba aliita, na mama yuko hai, na kuita ni kuita.

Nikabonyeza nne.

Dk. Maximilian alikuja kutia saini yake chini ya yangu. Alisoma fomu muda mrefu. Nilisubiri aseme neno. Akatia saini, akarudisha kalamu mfukoni, akaenda kumwona mgonjwa.

Februari 26

Rahimu amefaulu. Arobaini na mbili kati ya hamsini. Amepita kila wodi kuaga. Mimi amenikumbatia, kitu ambacho vijana hawanifanyii.

Machi 8

Ujumbe kutoka kwa Rahimu, na picha: mtoto mchanga ndani ya khanga ya njano. "Wa kwanza, Sista! Saa tatu asubuhi. Mama mzima." Nimewaonyesha wodi nzima. Nimemwonyesha na Dk. Maximilian. Alikishika kishikwambi kwa mikono miwili, akasema, "Vizuri," na alipokirudisha aliniuliza, "Barabara kule ikoje?"

Machi 12

Ramadhani imeanza kwa Waislamu, nasi tumo kwenye Kwaresima. Jiko la hospitali halina kazi mchana.

Machi 17

Wa nne. Wote wazima.

Machi 21

Mvua inanyesha kana kwamba imesahau namna ya kuacha. Magari ya Kilimarondo hayajaonekana mjini tangu juzi. Rahimu anasema mto ulio kati yao na sisi unapanda alasiri na kushuka alfajiri. Dereva wao wa gari la wagonjwa, Nuhu, ameweka mti ukingoni wa kupimia maji.

Machi 27

Jumatano Kuu. Nilikuwa na Dk. Maximilian ofisini kwake, tunapanga zamu za Pasaka, simu yake ikaita. Saa tisa na dakika arobaini alasiri. Aliona jina, akaweka spika.

"Dokta." Sauti ya Rahimu ilikuwa ndogo sana. "Nina mama hapa, damu haisimami."

"Tangu saa ngapi?"

Tulisikia mkasi ukiwekwa kwenye sinia.

"Rahimu. Tangu saa ngapi?"

"Saa nane, Dokta."

Mzee alifumba macho mara moja tu. Kisha akaanza kusema, na katika miaka kumi na minane sijamsikia akisema hivyo, kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama mtu anayemvusha kipofu barabara. "Utoe mfuko wa uzazi nje ya tumbo. Umeutoa? Ubane kwa mikono miwili. Nani yuko nawe? Mwambie naye abane. Presha ngapi?"

"Haisomeki."

"Damu?"

"Chupa mbili zilikuwepo. Zimeisha."

"Jaza vitambaa. Bana, funga tumbo juu yake, mpakie kwenye gari. Mimi natoka sasa hivi, tutakutana mtoni."

Tukasikia Rahimu anamuuliza mtu, na mtu huyo anajibu kwa mbali. Alikuwa Nuhu. Rahimu akaturudia. "Nuhu anasema saa nane maji yalikuwa chini ya tairi. Saa hizi mti wake hauonekani."

Dk. Maximilian hakupaza sauti. Alisema tu, "Basi endelea kubana. Niko hapa." Alikaa hapo. Kila baada ya dakika aliuliza jambo, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko la kabla yake. Saa kumi na robo Rahimu alisema, "Amekwisha, Dokta," na hakukata simu. Tulikuwa tunasikia mvua ya kule kwenye mabati yao, na ya huku kwenye yetu, na mtoto mchanga analia chumba cha pili. Mtoto yu hai. Wa kike.

Mama aliitwa Yasmini. Miaka ishirini na minne. Kaolewa kule, kwao ni Likunja, wilaya ya Ruangwa.

Mzee alipokata simu alibaki ameitazama. Nilimwambia, "Saa nane ungeweza kumwelekeza."

"Kama angenipigia saa nane," alisema, "ningemwambia mahali pa kuweka kidole. Hata kidole kikikataa, gari lingevuka." Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipofika nyumbani. "Ndiyo maana huwa nawauliza watafanya nini wakishindwa. Nawauliza mikono ikiwa bado mikavu. Ikishalowa damu, mtu hasikii swali."

Miaka yote hiyo nilidhani anawadhalilisha.

Machi 29

Ijumaa Kuu. Nilienda kanisani nikatoka katikati.

Machi 31

Pasaka. Sina la kuandika.

Aprili 4

Yasmini alizikwa siku ya pili yake, kule kule. Mama yake, Bi Mwanaima, alipanda gari kutoka Ruangwa akafika mpaka ukingoni, akarudi. Mto ulikuwa haupitiki. Amemzika binti yake kwa kusimuliwa. Habari hizi nimezipata kwa Nuhu, aliyemvusha mtoto kwa mtumbwi siku tatu baadaye ampeleke kwa bibi yake.

Aprili 8

Kikao cha kupitia kifo. Ukumbi mdogo, watu tisa, mwenyekiti kutoka mkoani. Rahimu alikaa mwisho wa meza. Amekonda zaidi, na alikuwa amefunga. Mmoja akauliza kama saumu ilimpunguzia nguvu siku ile. Alijibu, "Hapana. Nguvu nilikuwa nazo. Nilidhani nitaweza." Hakujitetea zaidi ya hapo.

Mwenyekiti akafungua karatasi za utafiti. "Hapa imeandikwa kwamba daktari huyu anaomba msaada mapema. Alama nne. Sasa imekuwaje mtu wa alama nne akae na damu saa moja na dakika arobaini?"

Watu walianza kusema kuhusu mtandao wa simu. Kuhusu barabara. Kuhusu chupa za damu. Yote ya kweli. Niliona kabisa kwamba nikinyamaza kikao kitapita juu ya ile namba na kwenda mbele.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ile nne ni yangu," nilisema. "Haikuwa nne. Ilikuwa mbili. Siku ile hakuita mwenyewe, aliita kwa sababu aliniona nautazama mlango. Nilimwongezea."

"Kwa nini?"

"Nilitaka chumba kifunguliwe."

Rahimu alinigeukia. Naweza kuandika kila kitu humu ila uso wake ule. Kumbe yeye hakuwahi kujua. Aliondoka hapa akiamini yeye ni mtu anayeita mapema. Nilimpa namba, naye akaiamini, akaenda nayo ng'ambo ya mto.

Kisha Dk. Maximilian alisema, "Saini ya pili ni yangu. Nilikuwa kwenye kioo. Nilimwona anamtazama Sista. Nilijua ni mbili, nikasaini nne. Na mimi nilitaka kifunguliwe."

Uamuzi: Rahimu hatapasua mpaka afundishwe upya na kupimwa upya. Dk. Maximilian kapewa barua ya onyo, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Chumba cha kule kimefungwa kwa kufuli mpaka apatikane daktari mwingine. Hayupo daktari mwingine.

Aprili 9

Sikwenda kazini.

Aprili 12

Wenzetu wamemaliza Idi. Dk. Safina alipiga. Hakuwa mkali, na hilo lilinichosha zaidi.

"Sista, nakushukuru kwa ukweli. Lakini kwa takwimu usijali sana, alama moja haibadilishi wastani. Nitaiondoa fomu ile nzima."

"Na Yasmini?"

"Nani?"

"Mama aliyekufa."

"Ule ni muda wa baada ya mafunzo, Sista. Utafiti ulifungwa Februari. Hauingii."

"Kwa hiyo kwenye utafiti hakuna aliyekufa."

Nilimsikia akipumua. "Hapana," alisema. "Kwenye utafiti hakuna." Kisha akaniuliza jina kamili la Yasmini, na jinsi linavyoandikwa. Sijui atalifanyia nini. Mkataba wangu umesitishwa. Kishikwambi nitamkabidhi dereva wao Jumatatu.

Aprili 20

Rahimu yuko mjini, amepanga chumba karibu na soko. Haji hospitali. Nilimpelekea samaki na ugali. Alifungua mlango, akasema shikamoo, hakunikaribisha. Mlangoni pale nilimwambia, "Nisamehe."

"Ungeniambia tu, Sista," alisema. "Siku ile kwenye ngazi. Nilikuuliza."

Alichukua chakula, akafunga mlango polepole, asije akaubamiza mbele yangu.

Aprili 24

Rahimu amekuja mwenyewe. Anataka kwenda Likunja. Ameambiwa asiende, mambo bado yako ofisini. "Yule mama hakuona kaburi wala maiti," alisema. "Wa mwisho kuwa na binti yake ni mimi. Nikae tu?" Aliniomba nimsindikize. Nilishangaa kwamba aliniomba mimi.

Aprili 27

Tulipanda gari la asubuhi mpaka Ruangwa, tukachukua bodaboda mbili mpaka Likunja. Mvua imepungua, ila barabara imechimbika vibaya. Rahimu alivaa shati jeupe, na tulipofika lilikuwa jekundu kwa tope mgongoni, na hakuwa na habari.

Bi Mwanaima ni mwanamke mfupi, mkavu. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kimwera, na mwanawe Masoudi ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Tulikaribishwa mkekani. Mtoto alikuwa amelala ndani. Rahimu alijitaja jina. Alisema, "Mimi ndiye niliyempasua Yasmini." Masoudi alisita kutafsiri. Mama yake akamwashiria kwamba amesikia.

Rahimu alieleza yote. Hakuficha saa nane, hakuficha saa tisa na dakika arobaini, hakutaja barabara. Alipomaliza nami nikaeleza la kwangu, alama na sababu yake. Masoudi alikuwa ameshika jembe la palizi alilokuja nalo, na kwa muda nilidhani atatupiga nalo. Alilishika tu.

Bi Mwanaima akauliza swali. Masoudi akatafsiri: "Anauliza, Yasmini alikuwa anaongea?"

"Ndiyo," Rahimu alijibu. "Ganzi ilikuwa ya mgongoni, alikuwa macho. Aliuliza mtoto ni nani. Nikamwambia ni wa kike. Akasema vizuri, atakuwa na wa kumsaidia."

"Halafu?"

"Halafu alisema anasikia baridi. Nikamwambia ni ganzi, itapita. Haikuwa ganzi, mama. Nilikuwa najua siyo ganzi. Akanishukuru."

Hakuna aliyetafsiri hilo. Bi Mwanaima alivuta khanga yake akajifunika mabega, juani pale, saa saba mchana. Alilia bila sauti, na Rahimu alilia kwa sauti, na mimi nilitazama mikono yangu.

Mtoto aliamka. Masoudi aliingia ndani akatoka naye, akampa mama yake. Hakumpa Rahimu, wala Rahimu hakunyoosha mkono.

Baada ya muda Bi Mwanaima aliuliza jambo jingine, safari hii kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Sasa kule nani anapasua?"

"Hakuna, mama," nilisema. "Wamefunga."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mwenye akili kati yetu. Akasema na mwanawe kwa haraka, kwa hasira sasa, na Masoudi akatafsiri ameangalia chini: "Anasema wifi yake Yasmini, Raudha, yuko kule kule, ana mimba ya miezi sita. Anasema mmekuja kumwambia mmemuua mtoto wake, amesikia. Sasa nani atampasua Raudha?"

"Anasema hajakusamehe," Masoudi aliendelea. "Anasema usije hapa tena kulia. Nenda ukasome."

Hatukupewa maji ya kunywa, na ilikuwa haki.

Aprili 29

Nimemwandikia Dk. Maximilian barua, nikaomba Rahimu aanze upya haraka na mwangalizi awe mtu mwingine, asiyemjua na asiyempenda. Alisoma mbele yangu. "Nastaafu Desemba," alisema. "Inatosha, akianza Jumatatu."

Mei 6

Rahimu ameanza. Mwangalizi ni muuguzi kutoka Masasi, anaitwa Happy, kijana, hacheki naye. Mimi nimehamishiwa wodi ya wazazi. Nasimama.

Mei 14

Mvua zimekwisha. Asubuhi kulikuwa na ukungu tu, na harufu ya mbaazi zinazochemka kwa mama lishe.

Saa nane mchana gari la wagonjwa la Nuhu liliingia na mama kutoka kule, uchungu siku ya pili. Nilikimbilia karatasi kutazama jina. Hakuwa Raudha. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona aibu, kwa sababu na huyu ni binti wa mtu. Saa tano njiani, ingawa barabara sasa ni kavu.

Dk. Maximilian alipasua, Rahimu akashika upande wa pili. Mama ni mzima. Mtoto, wa kiume, kilo tatu na nusu, alikuwa ameshakwisha. Wakunga walisema hapakupita muda mrefu tangu afe.

Nilimwosha nikamfunga. Rahimu alikuja wodini akiwa bado na kofia ya upasuaji, akasimama upande wa pili wa meza.

"Sista. Chumba kingekuwa wazi, na mimi niko kule leo asubuhi. Ningemuwahi huyu?"

Nilijua anachotaka kusikia. Nilijua hata namna ya kukisema, kwa sauti gani, na mkono niuweke wapi begani kwake.

"Sijui, Rahimu," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akavua kofia, tukambeba mtoto pamoja kumpelekea baba yake nje.